Risasi Saba Katika Kopo la Biskuti

Arobaini ya baba mkubwa ilipokwisha, wageni wakaondoka na masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, mama mkubwa alitoka chumbani amebeba kopo la biskuti. Lilikuwa la bati, maua ya kwenye kifuniko yamefifia, kutu imekula pembe zake. Alilitua mkekani katikati yetu, akalisukuma kwangu kwa ncha za vidole kama mtu anayesogeza chungu cha moto.

"Mwanangu, hizi nimelala nazo chini ya kitanda miaka na miaka," alisema. "Wewe ndiye unayeandika mambo ya kale. Niambie, zitalipuka?"

Ndani mlikuwa na risasi saba za shotigani. Tano zilikuwa za karatasi, nyekundu iliyogeuka rangi ya tofali, na vitako vyake vya shaba vimeota ukungu wa kijani. Moja ilikuwa ya plastiki ya kijani. Ya saba, ya plastiki ya manjano, ilikuwa nyembamba kuliko wenzake. Mpwa wangu wa kidato cha pili aliokota moja ya zile za karatasi, akaitikisa sikioni. "Mjomba, sikia, inacheza!" Niliitoa mkononi mwake taratibu, nikamketisha kando yangu.

Baba mkubwa alikuwa karani katika shamba la mkonge upande wa Korogwe, na bunduki ilikuwa ya kuwafukuza nguruwe na ngedere katika konde lake la mahindi. Bunduki yenyewe aliirudisha polisi zamani, leseni ilipomshinda. Risasi zikabaki, kama zinavyobaki katika nyumba nyingi: kabatini, darini, katika droo moja na misumari na funguo zisizojulikana ni za kufuli gani. Nilimwambia mama mkubwa kwamba hazitalipuka zenyewe pale chini ya kitanda. Lakini jibu hilo ni fupi mno, na mtu akilibeba hivyo hivyo laweza kumponza.

Kwanza tukumbuke bunduki ambayo risasi yake haikuwa na umri. Kiswahili kimeitunza vizuri. Kulikuwa na bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi unaofuka moto. Ikaja ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Mwindaji alimimina baruti mtutuni, akaziba kwa makumbi ya nazi au kitambaa, akaweka marisau, yaani zile chembe za risasi, kisha akashindilia kwa mdeki. Kila mlio ulipikwa papo hapo, kwa mkono wa yule atakayefyatua. Kama baruti ilikuwa na unyevu, aliijua mwenyewe. Kama mtutu wake ulikuwa mwembamba, alipunguza kipimo. Gobore la Tabora au la Songea halikuwa na risasi ya zamani, kwa sababu risasi yake haikuwepo mpaka iliposhindiliwa.

Umri ulianza siku moto, baruti na marisau vilipofungiwa pamoja katika ganda moja. Wahenga wetu waliliita ganda hilo kiasi cha bunduki, na sijaona jina bora zaidi. Ni kipimo kilichopimwa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa ajili ya bunduki aliyokuwa akiifikiria yeye. Huyo mtu hayupo tena, na bunduki ile huenda haipo tena. Kipimo chake kipo.

Safari ya kufika huko ilianzia kanisani. Alexander Forsyth, mchungaji wa parokia ya Belhelvie huko Scotland, alipenda kuwinda bata, na alichoshwa na ndege walioona mwako wa gumegume wakazama majini kabla marisau hayajafika. Mwaka 1807 alipata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga kemikali kali badala ya kupiga cheche. Kutokana na wazo lake ikazaliwa fataki, kikofia kidogo cha shaba chenye kemikali inayowaka ikigongwa. Miaka mitano baadaye, mjini Paris, Samuel Johannes Pauly, fundi Mswisi, alisajili bunduki inayofunguliwa nyuma na kupokea risasi iliyokamilika, yenye kiwashio chake katikati ya kitako. Alitangulia mno wakati wake. Mafundi walichukua karibu nusu karne kumfikia.

Aliyeifanya shotigani ya kisasa ipendwe ni Mfaransa Casimir Lefaucheux. Katika miaka ya 1830 alitengeneza bunduki inayokunjika katikati, mitutu ikiinama mbele na kuacha nyuma wazi. Ganda lake la karatasi lilikuwa na pini ndogo iliyochomoza ubavuni karibu na kitako. Nyundo ikiipiga, pini inaingia ndani na kugonga fataki. Bunduki hiyo ilionyeshwa kwenye Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, na fundi Joseph Lang akawa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kuiga. Ukipata kuiona risasi ya aina hiyo leo, usiiguse. Pini iko nje, fataki iko ndani, na baina yake hakuna kinga yoyote. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji kwa ubavu usiofaa, pini itafanya kazi iliyowekewa.

Mwaka 1861 George Daw wa London alianza kuuza risasi yenye fataki katikati ya kitako, na umbo hilo ndilo tulilo nalo mpaka leo. Risasi tano za karatasi katika kopo la mama mkubwa zingetambuliwa mara moja na mwindaji wa miaka ya 1870: kitako cha shaba, bomba la karatasi, mdomo uliokunjwa kwa ndani kushikilia kadi ndogo ya duara. Kwenye kadi imechapwa namba, ambayo ni ukubwa wa marisau. Kwenye shaba, nilipofuta vumbi kwa kidole, nilisoma ELEY-KYNOCH na herufi I.C.I. Kampuni hiyo kubwa ya kemikali iliundwa mwaka 1926, kwa hiyo risasi hizi hazingeweza kuwa za kabla ya hapo. Maandishi ya kitakoni ndiyo cheti cha kuzaliwa cha risasi.

Jina Eley lina kaburi ndani yake. William Eley, mmoja wa waanzilishi wa kiwanda kile, aliuawa mwaka 1841 jijini London na mlipuko wa kemikali ya fataki aliyokuwa akiishughulikia. Kemikali hiyo hutengenezwa kwa zebaki, na punje chache tu zinatosha kukata vidole. Ndiyo hiyo hiyo iliyokaa kwa miongo mingi katikati ya vitako vya risasi za dunia nzima, zikiwemo zilizotua bandari zetu.

Na zilitua kwa wingi. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Nyingi zilikuwa silaha kuukuu zilizostaafishwa na majeshi ya Ulaya, na nyingine ni bunduki za bei nafuu zilizofuliwa Liège, Ubelgiji. Biashara ya pembe na ya watumwa ilizihitaji. Tippu Tip mwenyewe alieleza kwamba jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake. Kisha mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yakatia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia silaha za kisasa kuingia katika eneo lote kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa Mwafrika, tena kwa masharti, kilikuwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo na baruti ya kawaida. Ndiyo maana gobore lilidumu vijijini kwetu wakati walowezi na mabwana nyama walikuwa na shotigani zinazokunjika. Na ndiyo maana risasi kongwe za kwetu mara nyingi hupatikana katika nyumba za makarani, wapishi, madereva na askari wa wanyamapori, watu waliofanya kazi karibu na bunduki za wengine kabla ya kuruhusiwa kumiliki zao.

Sasa turudi kwenye swali la mama mkubwa, tuanze na baruti.

Baruti nyeusi ni shura, makaa na kiberiti, kwa uwiano wa karibu 75, 15 na 10 katika kila mia. Haiozi. Unyevu huilaza, lakini ikikauka huamka. Mwaka 2008 katika jimbo la Virginia, Marekani, mkusanyaji mzoefu wa vitu vya kale aliuawa nyumbani kwake na kombora la Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe alilokuwa akilisafisha, miaka zaidi ya 140 baada ya vita hivyo. Anayedhani baruti ya kale ni majivu, na amkumbuke mtu huyo.

Baruti isiyo na moshi ni kiumbe kingine kabisa. Katika miaka ya 1860 Schultze, afisa wa Prussia, alichukua mbao akazitibu kwa asidi ya nitriki, na baruti yake ikaja kutengenezwa Uingereza, ndani ya msitu wa New Forest. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alikamilisha ya kwake kwa matumizi ya jeshi. Wawindaji waliipokea kwa furaha: hakuna tena wingu jeupe mbele ya macho, hakuna masizi ya kusugua usiku kucha. Lakini nitroselulosi, uti wa mgongo wa baruti hizi, ina tabia ya kujila yenyewe. Polepole hutoa gesi za nitrojeni; gesi hizo zikikutana na unyevu huwa asidi; asidi huharakisha kuoza; kuoza huleta joto; joto huharakisha tena. Ikiwa nyingi na imefungiwa mahali pa joto, yaweza kuwaka bila kuguswa na mtu.

Wafaransa walijifunza hilo kwa msiba. Tarehe 12 Machi 1907, manowari Iéna ililipuka ikiwa inafanyiwa matengenezo bandarini Toulon, watu wapatao 120 wakafa. Tarehe 25 Septemba 1911, katika bandari ile ile, manowari Liberté ililipuka alfajiri na kuua takriban watu 300. Kidole kilielekezwa kwenye baruti iliyokuwa imeharibika ghalani mwa meli. Baada ya hapo matumizi ya vidhibiti kama difenilamini, kemikali inayozinyonya gesi zile kabla hazijaleta madhara, yalitiliwa mkazo mkubwa. Baruti za leo zote zina kidhibiti. Lakini kidhibiti nacho huliwa kidogo kidogo, na joto la dari ya mabati pale Korogwe hukila haraka kuliko kabati la baridi la Birmingham.

Risasi saba si ghala la manowari, na kiasi cha baruti ndani ya moja ni kama kijiko kidogo cha chai. Hiyo ndiyo sababu nilimtuliza mama mkubwa. Dalili za kuoza, hata hivyo, zinaonekana: harufu kali ya kuchoma pua, shaba iliyotoboka au kutoa unga wa kijani kutokea ndani kwenda nje, karatasi iliyoungua rangi ya kahawia karibu na kitako bila kuona moto. Mbili kati ya zile tano zilikuwa na doa la namna hiyo. Nilizirudisha koponi zikiwa zimelala, sikuzigusa tena.

Hatari kubwa zaidi ya risasi kuukuu huanza pale mtu anapopata bunduki ya kuitia. Watu wengi hudhani kinachotisha ni risasi dhaifu. Mara nyingi kinachotisha ni ndoa isiyo halali kati ya risasi ya zama moja na mtutu wa zama nyingine.

Mitutu mingi mizuri ya karne ya 19 ilitengenezwa kwa kusokota pamoja vipande vyembamba vya chuma na feleji, kuvizungusha kwenye mti wa chuma na kuvifua mpaka vikashikana. Waliita damaski, kwa sababu ya mawimbi yake mazuri kama mawimbi ya hariri. Kila wimbi ni kiungo kilichofuliwa, na katika kila kiungo yaweza kubaki takataka ya tanuru, na kutu huingia humo bila kuonekana. Mitutu hiyo ilipimwa kwa baruti nyeusi. Baruti mpya ilipokuja, Waingereza walilazimika kuweka upimaji tofauti na alama tofauti kwa ajili yake katika miaka ya 1890. Wapimaji walikuwepo tayari: London tangu hati ya kifalme ya mwaka 1637, na Birmingham tangu 1813. Bunduki isiyo na alama ya baruti mpya haikuahidiwa kuistahimili. Risasi ya leo ya geji 12 inaruhusiwa na viwango vya Marekani kufikia shinikizo la pauni 11,500 kwa kila inchi ya mraba. Bunduki ya babu iliyotundikwa ukutani haijui hesabu hizo.

Hata waliojaza risasi wenyewe walidanganywa na mabadiliko haya. Baruti za mwanzo zisizo na moshi zilitengenezwa ili zipimwe kwa kikombe kile kile cha baruti nyeusi, ujazo kwa ujazo. Zikafuata baruti nzito, kama balistaiti ya Alfred Nobel, ambazo kikombe hicho hicho kikijaa huwa ni kiasi cha kupasua mtutu. Mtu alitumia kikombe alichorithi kwa baba yake, kwa mazoea ya baba yake, na bunduki ikamfumukia usoni. Kumbukumbu ya kikombe kile bado imechapwa kwenye maboksi ya risasi za Marekani, yanayotaja "dramu" kana kwamba baruti nyeusi bado inatawala.

Kisha kuna urefu. Shotigani nyingi za zamani za Ulaya zina chemba, yaani tundu inamokaa risasi, ya milimita 65. Risasi nyingi za sasa ni za 70, na nyingine 76. Mtego uko hapa: urefu unaoandikwa ni wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo ukiwa umekunjuka. Kabla ya hapo ganda ni fupi. Kwa hiyo risasi ya 70 huingia kwenye chemba ya 65 bila ubishi, bunduki inafunga vizuri kabisa, na mwenyewe anaamini mambo yako sawa. Ikifyatuka, mdomo hukosa nafasi ya kukunjuka, marisau yanapita kwenye koo lililobanwa, na shinikizo linapanda. Kuingia kwa risasi si ushahidi kwamba inafaa.

Nilimwonyesha mpwa wangu ile nyembamba ya manjano. Geji ni hesabu ya kale: ni idadi ya goroli za risasi, zenye unene wa mtutu, zinazofanya uzito wa pauni moja. Goroli 12 zikifanya pauni, mtutu ni geji 12, kipenyo chake karibu milimita 18.5. Goroli 20 ni ndogo zaidi, kwa hiyo geji 20 ni mtutu mwembamba. Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye bunduki ya 12, haianguki nje upande wa pili. Inateleza kupita chemba, kisha ukingo wa kitako chake unakwama mwanzoni mwa mtutu. Mwindaji anaangalia nyuma, anaona chemba tupu, anadhani hakuweka kitu. Anatia ya geji 12. Zinakuwa mbili katika mtutu mmoja, moja ikiifyatulia nyingine, na mkono ulioshika mtutu hapo mbele ndio unaolipa. Ajali hiyo ilitokea mara nyingi kiasi kwamba watengenezaji walikubaliana kuipa geji 20 rangi ya manjano peke yake. Lakini risasi kuukuu za karatasi zilitengenezwa kabla ya makubaliano hayo, na geji 20 ya zamani yaweza kuwa nyekundu, buluu au kijani.

"Kwa hiyo Babu alikuwa na bunduki mbili?" mpwa aliuliza.

Hakuwa nazo. Alikuwa na moja, ya geji 12, na katika kopo moja na risasi zake alikuwa na ya geji 20. Sijui aliiokota wapi. Nilikaa kimya kidogo nikifikiria asubuhi zote alizotia mkono katika kopo lile gizani, nguruwe wakiwa kondeni.

Fataki nazo zina umri wake. Fataki za kale zilichanganya kemikali ya zebaki na klorati ya potasiamu. Zebaki iliidhoofisha shaba mpaka ikavunjika kama gamba la yai. Klorati, ikiungua, iliacha mtutuni chumvi inayofanana sana na ya mezani, na chumvi huvuta maji kutoka hewani. Katika ukanda wetu wa joto na mvua, bunduki iliyopigwa jioni bila kuoshwa kwa maji ya moto iliamka na kutu. Katika miaka ya 1920, viwanda vya Ujerumani na Marekani vilileta fataki zisizokula mtutu, na wawindaji wakapumzika kidogo. Ila fataki yoyote, ya kale au mpya, ikilowa au ikichoka, yaweza kusita. Pini inagonga, kimya, mtu anafungua bunduki kuangalia, ndipo inapowaka. Walimu wa kulenga shabaha hufundisha kushikilia mdomo wa bunduki kuelekea mahali salama kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufungua. Kuna jambo jingine baya kuliko kimya, nalo ni mlio hafifu, kama mtu aliyekohoa. Huo ni ushahidi kwamba moto ulikuwa dhaifu na kizibo kimekwama mtutuni. Risasi inayofuata haitakuwa na pa kupita.

Ganda la karatasi lilipakwa nta, na wazee wa uwindaji huikumbuka harufu ya nta iliyoungua kama wengine wanavyokumbuka kahawa ya alfajiri. Nta haikuzuia kila kitu. Karatasi hunywa unyevu, huvimba, haiingii chembani au inaingia na haitoki. Chini kabisa ndani ya kitako kuna kizibo cha karatasi iliyogandamizwa, na katika risasi kuukuu hicho hulegea. Mlio ukitoka, chaweza kung'oka na kubaki njiani. Mwaka 1960 kampuni ya Remington iliingiza sokoni ganda la plastiki, na ndani ya miaka michache karatasi ikabaki ya wachache wanaoipenda. Plastiki hailoweki. Lakini hukauka na kupasuka, na baruti iliyo ndani yake huzeeka vile vile.

Kuhusu marisau yenyewe nina maneno machache. Ni risasi, madini ya sumu. Katika ganda lililovunjika hutoa unga mweupe unaoingia mwilini kwa mikono isiyonawa. Marekani ilikataza marisau ya risasi katika uwindaji wa bata nchi nzima mwaka 1991, kwa sababu ndege walikuwa wakiyameza matopeni na kufa. Mtu aliyeshika risasi kuukuu na anawe kwa sabuni kabla ya kula, na watoto wasizichezee kabisa.

Na moto? Hili ndilo mama mkubwa aliloliogopa zaidi: nyumba ikiungua je? Risasi nje ya bunduki hazina mtutu wa kuyasukuma marisau kwa nguvu. Zikichomwa hupasuka moja moja, si zote kwa pamoja, na marisau huanguka karibu. Lakini kitako na fataki huruka kama vijiwe, na kijiwe kinatosha kutoa jicho. Mtoto anayetupa risasi jikoni aone itakuwaje yuko karibu mno na jibu. Kuzitupa chooni au kuzifukia shambani si kuziondoa, ni kumwachia mwingine: jembe la mwenye shamba, mkono wa mtoto anayechimba mchanga. Kuzifungua ili kumwaga baruti ni kurudi kwenye meza ya William Eley.

Kisheria pia hazikuwa mali yetu. Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kuwa na risasi bila leseni ni kosa hata kama bunduki haipo; Kenya nayo ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mrithi harithi leseni. Serikali zetu zimetangaza mara kadhaa muda wa kusalimisha silaha na risasi kwa hiari, lakini mtu asingoje tangazo. Atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, aeleze alichokikuta na wapi, na aombe waje. Asizitie mfukoni apande nazo basi.

Ndivyo tulivyofanya. Mtendaji alipiga simu, na siku ya pili asubuhi wakaja askari wawili. Mmoja, wa umri wa kustaafu, alichuchumaa mkekani akazitazama bila kuzishika. "Hizi za karatasi," alimwambia mwenzake kijana, "nilifundishwa kazi nazo." Alizihesabu kwa sauti, moja mpaka saba, mwenzake akiandika: tano nyekundu, moja ya kijani, moja ya manjano ya geji 20. Mama mkubwa alitia sahihi kwa dole gumba. Wakazilaza katika sanduku lenye mchanga walilokuja nalo, wakaondoka polepole kwa gari, wakiyakwepa mashimo ya barabara ile.

Kopo alilibakiza. Alilisugua kwa majivu na maji ya moto, akalianika juani ukutani. Wiki iliyofuata nilimkuta ametia humo vifungo, sindano na nyuzi zake. Aliinamisha kopo anionyeshe chini yake: alama tano za duara, za kijani, ambazo majivu hayakuweza kuzitoa.